Kadi ya CHF ya elfu thelathini: tumeipima Tabora, shilingi kwa shilingi

Elfu thelathini, bei ya kadi kwa kaya kwa mwaka, ukiigawa kwa watu sita unapata elfu tano kwa kichwa. Igawe tena kwa siku 365: shilingi kumi na tatu na senti zake. Kuanzia Kanyenye hadi Ng'ambo hakuna duka litakalokupa kitu kwa shilingi kumi na tatu, hata pipi. Lakini kwa bei hiyo kadi ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa imekuwa ikiahidi kumwona mganga, vipimo, dawa, kulazwa, kujifungua na baadhi ya upasuaji, kutoka zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu anayeuza kitu kwa bei ya namna hii ama anapewa pesa na mwingine upande wa pili, ama kuna siku utafika dukani ukute rafu tupu. Kwa kadi hii yote mawili ni kweli, na ndiyo maana kuisema ni nzuri au mbaya kwa neno moja ni kuionea.

Tabora ina haki ya kuisema kadi hii kuliko mikoa mingine. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga, mwaka 1996, kwa mchango wa shilingi 5,000 kwa kaya kwa mwaka. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu serikali ianze kutoza ada hospitalini mwaka 1993, na wazo lilikuwa kwamba mkulima alipe mara moja akiwa na pesa, asilipe kila akiugua akiwa hana. Sheria ya mfuko ikaja 2001, NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikakabidhiwa usimamizi mwaka 2009, kisha kuanzia 2018 ikaenea ile "iliyoboreshwa", iliyojifunza kutoka mradi wa Dodoma. Maboresho yenyewe ni ya kweli. Kadi ya zamani ilikufunga kwenye kituo kimoja ulichojiandikisha, na wilaya ilikuwa mwisho wa dunia yako. Hii mpya inapanda ngazi hadi mkoa, na majina yako yamo kwenye mfumo wa kompyuta, si kwenye daftari lililoliwa na mchwa.

Kujiandikisha

Hapa kadi inapata alama nzuri. Huendi mjini, afisa mwandikishaji yuko kijijini au mtaani, ana simu yenye programu ya usajili. Anahitaji majina matatu ya kila mtu, tarehe za kuzaliwa, namba ya simu ya mkuu wa kaya, na picha ya kila mmoja, anayopiga hapo hapo. Mkiwa kaya nzima nyumbani, kazi yote haizidi muda wa kuchemsha maharage. Namba ya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe karibu, hasa kwa ajili ya tahajia.

Tahajia ndiyo inayoangusha watu wengi. Mtoto anaandikwa Masanja kwenye cheti, Masanja Luhende shuleni, na kwenye kadi anakuwa "Massanja". Siku ya kuugua, karani wa mapokezi anatafuta jina, halimo. Soma kila jina kwenye kioo cha simu kabla afisa hajabonyeza kutuma, kwa sababu kusahihisha baadaye kunataka safari, na mara nyingi jina linarekebishwa na afisa wa CHF wa halmashauri, si yule wa kijijini.

Picha nayo. Mtoto aliye bweni siku ya usajili anaachwa bila picha kwa ahadi ya "tutaiongeza". Haiongezwi. Kadi inatambulika kwa sura inayojitokeza kwenye mfumo. Asiye na picha anabaki kubishana dirishani. Bora usubiri likizo, au mumpeleke afisa shuleni.

Kaya kwa lugha ya kadi ni mkuu wa kaya, mwenza wake, na wategemezi walio chini ya miaka 18, jumla watu sita. Nyumba nyingi za Sikonge na Kaliua hazijui kuhesabu hadi sita zikaacha. Bibi yupo, watoto wa marehemu kaka wapo, kijana wa miaka kumi na tisa anayelima tumbaku ya baba yupo. Mtu wa saba hapati nafasi ya kubanana. Inakatwa kadi ya pili, elfu thelathini nyingine. Kinachofanyika mara nyingi, na tunakisema kwa kuwa kila mtu anakijua, ni kuchagua: wanaandikwa wale wanaougua, wazima wanaachwa. Kwa familia ni akili. Kwa mfuko ni sumu, na tutairudia.

Malipo: dai namba ya malipo ya serikali, ulipe mwenyewe kwa simu au kwa wakala wa benki, ubaki na ujumbe. Pesa mkononi bila stakabadhi ndiyo chanzo cha kesi nyingi za "nililipa lakini sipo kwenye mfumo". Afisa anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila amekusanya kwa watu kumi na wawili akingoja mtandao urudi, na wewe mtoto anashikwa na homa kabla hajawasilisha. Kadi inaishi miezi kumi na mbili tu. Andika tarehe ya kuisha kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi, au ukutani karibu na kalenda, usitegemee kukumbushwa.

Dirishani

Unaanzia zahanati au kituo cha afya, si Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hili linawakera watu wa mjini, lakini ndivyo ilivyo: bila fomu ya rufaa kutoka ngazi ya chini, hospitali kubwa ina haki ya kukutoza kama mgeni. Fomu iwe na muhuri, jina la mganga na sababu ya rufaa. Iliyokosa muhuri inarudishwa, na nauli ya bodaboda ni yako. Ajali na uzazi uliokwama havisubiri karatasi, ila kadi iwahishwe na ndugu mapema, kabla bili haijafungwa.

Kikomo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa akiandikiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako ndiko watu wa Tabora na Kigoma wamezoea kupelekwa kwa magonjwa makubwa, kadi inabaki nyumbani na familia inaanza kuuza mifugo. Hospitali za misheni zinategemea kama zina mkataba na halmashauri yako. Usiende kwa kudhani. Vivyo hivyo ukisafiri mkoa mwingine, uliza kabla, si baada.

Mtandao ukikatika, mhudumu mzoefu anaandika namba ya kadi kwenye rejista na kukuhudumia. Asiye mzoefu anakuambia urudi kesho. Omba kwa upole aandike namba, umwachie na ya simu. Kawaida inatosha.

Sasa dirisha la dawa, ambapo kadi hii hupata jina baya. Malalamiko ni yale yale kila kona: "Nina kadi, nimeandikiwa dawa tatu, nimepata moja, mbili nikanunue dukani." Mwenye kadi anaona ameibiwa. Mfamasia anaona anatukanwa kwa kosa lisilo lake. Kuelewa kinachotokea hapo kunahitaji kufuata pesa na kopo la dawa, kila kimoja kwa njia yake.

Kopo linatoka MSD, bohari ya dawa ya serikali, yenye ghala la kanda hapa hapa Tabora. Zahanati inaagiza kwa mzunguko, haiagizi kila siku, na inaagiza kwa kadiri ya salio lake. MSD ikiwa haina, inatoa taarifa kwamba dawa hiyo haipo, na hapo ndipo halmashauri inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji mmoja binafsi aliyeshinda zabuni ya mkoa. Mfumo huo unaitwa Jazia. Ulianzia Dodoma 2014 na kuenea nchi nzima 2018. Ni mfumo mzuri. Lakini angalia milango iliyopo: oda iandikwe kwa wakati, MSD ijibu haina, mganga mfawidhi ajaze ombi, halmashauri ipitishe, mshitiri alete, na katika kila mlango salio la kituo liwepo. Mlango mmoja ukikwama wiki mbili, msimu wa malaria umeshafika katikati.

Kwa hiyo ukiambiwa dawa haipo, swali la maana si "kwa nini?" Uliza: "Imeagizwa kwa mshitiri?" Jibu la "bado" na jibu la "kituo hakina salio" ni magonjwa mawili tofauti, na tiba zake tofauti. La kwanza ni uzembe wa karatasi, linatibika kwenye kamati ya kituo. La pili ni la bei ya kadi.

Hesabu ya kijiji kimoja

Tuchukue kijiji cha kubuni, kaya 400, zahanati moja. Kaya 60 zimekata kadi. Zimechanga 1,800,000. Kwa utaratibu wa tele kwa tele, uliokuja pamoja na mfuko tangu enzi za Igunga, kila shilingi ya kaya serikali inaongeza shilingi. Ikifika yote, mfuko una 3,600,000. Kaya 60 zenye watu sita ni watu 360. Tuseme kila mmoja anafika kituoni mara tatu kwa mwaka, kiasi ambacho si kikubwa kwa nchi ya malaria: mahudhurio 1,080. Gawa. Bila tele kwa tele kila hudhurio lina shilingi 1,666. Nayo ikiwepo, 3,333. Ndani ya kiasi hicho zitoke dawa, vitendanishi vya maabara, glavu, pamba, karatasi za kumbukumbu, sehemu ya wale waliopewa rufaa kwenda juu, na gharama za kuandikisha wanachama wenyewe.

Na hayo ni mahudhurio ya wastani, lakini waliojiandikisha si watu wa wastani. Wameandikwa wenye pumu, wenye kisukari, mama mwenye presha, mtoto wa sikoseli. Kaya 340 zilizobaki nje ndizo zenye wengi wazima, na pesa zao hazimo. Bima ya hiari yenye bei moja kwa wote huwavuta wagonjwa na kuwapisha wazima. Gharama ya kila mwanachama inapanda, dawa zinaisha, wachache wazima waliokuwemo wanaona hakuna faida, hawahuishi. Mwaka unaofuata kaya 60 zinakuwa 45, na zilizobaki ndizo zenye wagonjwa zaidi. Huu ndio mdudu aliyeitafuna CHF tangu mwanzo. Mafunzo kwa maafisa waandikishaji hayamuui, wala mabango barabarani.

Tele kwa tele nayo ina kasoro yake: haiji yenyewe, inadaiwa. Halmashauri iandike ombi lenye idadi ya wanachama na uthibitisho wa fedha zilizowekwa benki. Halmashauri yenye mhasibu makini inaipata, yenye vitabu vilivyochanganyika inaikosa, na mwanachama wa kijijini hatajua kamwe kwamba nusu ya dawa zake zilikufia kwenye faili.

Kuna tundu lingine linalosahaulika. Kwa sera, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu na VVU hutibiwa bure. Kwenye kaya yetu ya watu sita, mama mjamzito na watoto wawili wadogo tayari wana msamaha bila kadi. Vizuri sana, lakini msamaha ni amri, si pesa. Zahanati ikimpa mtoto dawa ya bure, hakuna hundi inayokuja nyuma ya dawa hiyo. Inatoka kwenye rafu ile ile ya mwenye kadi. Ndiyo maana wote wawili, mwenye msamaha na mwenye kadi, wanakutana duka la dawa baridi saa nane mchana, kila mmoja ameshika karatasi.

Nani basi anayelipa?

Elfu thelathini haimlipi muuguzi. Mshahara wake ni kodi. Jengo ni kodi, au mkopo utakaolipwa kwa kodi. Chanjo, dawa za malaria, za kifua kikuu na za kufubaza VVU kwa sehemu kubwa zimetegemea mifuko ya nje, na mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje kila mganga mkuu wa wilaya aliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Fedha za uendeshaji, tangu 2017/18, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati kutoka mfuko wa pamoja wa afya unaochangiwa na wahisani, hazipiti tena halmashauri na kubakia huko. Mageuzi haya hayakuimbwa sana lakini kwa maoni yetu yamefanya kazi kubwa kuliko kadi yenyewe. Mchango wa mwananchi ni chumvi kwenye chungu ambacho unga wake ni kodi. Kosa la CHF ni kuuzwa kana kwamba chumvi ndiyo ugali.

Bei halisi ya ugali tunaweza kuikisia kwa kulinganisha bidhaa nyingine zilizowahi kuwekwa mezani. Ushirika Afya, kifurushi cha NHIF kwa wakulima wa AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika, wakiwemo wa tumbaku, kilikuja kwa 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wanne: 355,200. Mapendekezo ya serikali ya 2022 kwa bima ya wote yalitaja 340,000 kwa kaya ya watu sita. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana. Wataalamu wa hesabu za bima, kila wakikaa chini, wanaishia kwenye laki tatu na nusu hivi kwa kaya yenye huduma pana. Kadi ya CHF inauzwa chini ya moja ya kumi ya hapo. Na bei iliyotangazwa kwa kifurushi cha msingi cha Bima ya Afya kwa Wote, 150,000 kwa kaya isiyozidi watu sita, ni mara tano ya CHF na bado haifiki nusu ya 340,000.

Kwa hiyo swali la kuiuliza kadi hii ya Bima ya Afya kwa Wote ni lile lile: pengo linajazwa na nani?

Muswada wa bima hiyo uliposomwa mara ya kwanza Septemba 2022 ulikwama, na mfupa wenyewe ulikuwa huo: fedha za wasio na uwezo zitoke wapi. Ulipopita Novemba 2023 ulikuwa na orodha ya vyanzo: sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, ada kwenye bima za vyombo vya moto, tozo za miamala ya kielektroniki. Orodha ina mantiki. Anayekunywa na anayebeti hakosi pesa ya leo, na pikipiki zinazojaza wodi za mifupa zichangie wodi hizo.

Lakini nchi hii imeshajifunza kitu kuhusu tozo. Julai 2021 kutuma na kutoa pesa kwa simu kuliwekewa tozo kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Watu wakarudi kubeba pesa kwenye soksi, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Pesa iliyopatikana ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa, na majengo hayo yapo, yamepakwa rangi, yanaonekana. Jengo hujengwa mara moja. Dawa hununuliwa kila mwezi hadi mwisho wa dunia. Chanzo kinachopanda na kushuka kwa kelele za wananchi kinafaa kwa kuta, hakifai kwa amoksilini.

Ghana walikwenda mbali zaidi yetu. Sheria yao ya 2003 iliongeza asilimia 2.5 kwenye bidhaa, mtindo wa VAT, kwa ajili ya bima ya afya tu, na wafanyakazi wakakatwa sehemu ya akiba yao ya uzeeni. Mwuza nyanya na mwenye jumba wote wanachangia wanaponunua, hakuna wa kumfukuzia kijijini na fomu. Hata hivyo mwaka 2017 bunge lao liliweka ukomo wa kiasi cha fedha kinachopelekwa kwenye mifuko ya namna hiyo, na hospitali zikangoja. Funzo kwa msomaji wa hapa: tozo iliyotajwa kwenye sheria na tozo iliyofika kwenye akaunti ya zahanati ni vitu viwili. Kenya wao, tangu Oktoba 2024, wanakata asilimia 2.75 ya kipato na kuweka kima cha chini cha shilingi 300 zao kwa mwezi. Kwa mwajiriwa ni rahisi, kompyuta inakata. Kwa fundi baiskeli, nani anajua kipato chake? Hata yeye hajui.

Sisi tuna asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa, tangu NHIF ianze kazi Julai 2001, na inakusanywa vizuri kwa sababu haipiti mkononi mwa mtu. Mkulima wa Urambo hana mshahara, ila ana kitu kinachofanana nao: malipo ya tumbaku kupitia AMCOS. Makato ya bima yakifanyika pale, siku ya malipo, kwa makubaliano ya mkutano mkuu wa chama na si kwa amri ya simu kutoka juu, kijiji kizima kinaingia kwa pamoja, wazima na wagonjwa, na yule mdudu wa kuchagua anakosa chakula. Huu ndio ukusanyaji pekee wa wakulima tunaouona ukifanya kazi bila kukimbizana. Kikwazo chake kinajulikana: kwenye ile karatasi ya malipo tayari kuna makato ya pembejeo, mkopo na ushuru, na mkulima aliyebakiwa na kidogo hataki kusikia neno lingine linaloanza na "makato". Mazungumzo yafanyike wakati wa kusajili makisio ya msimu, si siku ya kupokea pesa.

Kwa kaya zilizo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jibu ni fupi zaidi. Majina yapo, yameshahakikiwa na mkutano wa kijiji. Serikali iwalipie moja kwa moja kutoka kwenye kodi. Kuwatuma wakachange ili wapewe ruzuku ni kuzunguka mbuyu.

Kama unanunua

Kadi ya elfu thelathini, pamoja na yote tuliyoyasema, inalipa. Kulazwa mara moja, au mama mmoja kufanyiwa upasuaji wa kujifungua ndani ya mkoa, kunaweza kuirudisha pesa yako na kubaki. Ina maana zaidi kwa kaya yenye watoto wa miaka mitano hadi kumi na saba, ambao msamaha umeshawaacha. Ina maana ndogo kwa mwenye ugonjwa unaohitaji kliniki za Mwanza au Dar es Salaam. Huyo atafute kifurushi cha NHIF hata kama ni kwa kuuza kitu. Nyota tatu kwa tano: moja kwa bei, moja kwa usajili wa mlangoni, moja kwa kupanda hadi mkoa. Mbili zilizopotea zipo kwenye rafu ya dawa.

Wakati wa kununua ni Julai au Agosti, pesa ya tumbaku ikiwa bado ina joto. Usingoje Februari: mvua, malaria na ghala linaloisha hukutana mwezi mmoja. Kabla ya kuhuisha muulize afisa mwandikishaji kama eneo lenu limeshahamishiwa Bima ya Afya kwa Wote, usije ukalipia kadi inayokaribia kufungwa. Na weka elfu ishirini au thelathini pembeni kwa ajili ya dawa zitakazokosekana. Ni jambo la aibu kuliandika katika tathmini ya bima, lakini atakayekuficha hilo hajawahi kusimama kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Mwisho, pita kwenye ubao wa matangazo wa zahanati yenu. Panatakiwa kuwa na karatasi ya mapato na matumizi: fedha za CHF, za papo kwa papo (wanaolipa taslimu), za mfuko wa pamoja, na dawa zilizopokelewa. Kama pana misumari tu, kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe wanaotoka kwenu, katibu wake ni mganga mfawidhi, na mihtasari ya vikao iko kwenye faili ofisini kwake. Omba kuona kikao cha mwisho kilichojadili oda ya dawa. Tarehe yake tu itakueleza mengi.